Tone la Verni Nyekundu

Mmeniuliza mara nyingi, wenzangu wa atelye, kwa nini niliacha kazi siku ya Alhamisi, katikati ya juma, wakati mikono yangu bado inafunga bobine za waya vizuri kuliko wengi wenu. Wengine mlisema nimegombana na patron. Wengine mlisema nimeota ndoto kanisani. Patron mwenyewe alifikiri nataka aniongezee kitu, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake: «Maman Furaha, ikala chini, tuongee.» Hapana jamani. Sikugombana na mtu wala sikuota. Niliacha kwa sababu ya motere moja ndogo ya mashine ya kushona. Lakini nikianza na hiyo hamtaelewa kitu, maana habari yote inatoka kwa Muzee Bisimwa, na wengi wenu hamkumkuta.

Mambo ya mshahara sitayaandika. Anayetaka kulia, alilie kwake.

Nilifika atelye nikiwa na diploma ya umeme, sketi mpya ya bluu, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Patron wa wakati ule, baba yake huyu wa sasa, aliangalia diploma, akaangalia sketi, akasema: «Fagio iko nyuma ya mulango.» Nilikuwa binti wa kwanza kuingia pale kwa kazi. Wengine walikuwa wakiingia kuleta chakula.

Muzee Bisimwa alikaa kwenye meza ya dirishani, mahali ambapo ukiinua kichwa unaona ziwa. Kofia ya sufu kichwani, miwani iliyofungwa pembeni kwa waya wa shaba. Aliponiona nimeshika fagio, akaniita.

«Acha iyo kwanza. Kuya hapa, binti.»

Mbele yake kulikuwa na sumaku ya redio ya zamani, batri moja ya toshi, na pini mbili za nguo zilizosimamishwa kama nguzo. Juu ya pini hizo aliweka kipete cha waya, mzunguko mmoja tu, mpana kama mdomo wa kikombe. Akakigusa kwa kucha. Kipete kikaanza kuzunguka juu ya sumaku, mbio, mpaka sikuona tena waya, niliona kivuli chake tu.

«Juu ya nini inazunguka? Sababu ni nini?»

«Juu ya umeme na sumaku, Muzee.»

«Ata mutoto wa primaire anajua ivyo. Nakuuliza, nani anaisukuma? Anaisukuma wapi?»

Nikamtolea kanuni ya vidole vitatu, yote, pamoja na herufi zake. Alinisubiri nimalize kama mtu aliyejificha mvua chini ya bati. Kisha akazuia kipete, akakisimamisha wima.

«Upande wa yulu unasukumwa wapi?»

Nikahesabu kwa vidole. Kuelekea dirisha.

«Na wa chini?»

Umeme unaopanda upande mmoja unarudi upande mwingine, kwa hiyo wa chini unasukumwa kinyume, kuelekea mlango. Wa juu dirishani, wa chini mlangoni: lazima kipete kigeuke. Nilifurahi kwamba nimepata. Muzee hakufurahi bado. Alikilaza kipete, kikawa sambamba na meza, akakiachia. Hakikusogea.

«Nguvu imeenda wapi?»

«Imekwisha, Muzee.»

«Leta ile bidon.»

Nikaleta bidoni la maji. Akaniambia nilifungue kwa vidole viwili. Kidole kimoja kikasukuma huku, kingine kikasukuma kule, kifuniko kikageuka. Akaniambia nikirudishe, kisha nishike vilevile lakini sasa nivute vidole vyote viwili nje, kila kimoja upande wake, kwa nguvu zangu zote. Nilivuta mpaka kucha ikauma. Kifuniko kikaniangalia tu.

«Nguvu imekwisha?»

«Hapana, Muzee. Iko.»

«Inafanya nini?»

«Inaniumiza bure.»

Hapo ndipo alicheka, na nikaona meno yake mawili ya mbele hayapo. «Njo ivyo. Kipete ikilala, pande zake mbili bado zinavutwa sawasawa, lakini kila moja inavutwa kwake, inje. Nguvu iko, ya kugeuza njo hakuna. Kitu kinaivukishaka pale ni ule mwendo ilikuja nayo.»

Kisha akanionyesha jinsi alivyokwangua verni, ile rangi inayoufunika waya, upande mmoja tu, ili umeme ukatike kipete kinapopita pale pa kulala. Usipokatika, nguvu zilezile zilizokisukuma zitakirudisha nyuma. Katika motere ya kweli umeme haukatwi, unageuzwa, na hiyo ndiyo kazi ya kolektere, ile pete ya vipande vya shaba kwenye shafti: upande uliofika dirishani ukishavuka, sasa usukumwe kuelekea mlango. Miaka mingi shuleni sikuwahi kuliona jambo hilo. Nililiona kwenye bidoni la maji, ndani ya dakika tano, nikiwa na fagio kwapani.

Halafu akaniambia niendelee kufagia.

Ninyi mnaijua kazi yetu, lakini niiseme kwa ajili ya anayekuja kesho. Motere iliyoungua inaletwa, tunaikata shaba yake iliyokuwa nyeusi, tunahesabu mizunguko, tunafunga waya mpya kwenye mifereji, kisha tunaunga miisho ya kila bobine kwenye kolektere. Kila bobine ina miisho miwili. Ukiipishanisha, huu ukakaa mahali pa ule, motere itazunguka tu, haitakuambia kitu. Lakini ikiwa na bobine kumi na mbili, kumi na moja zitakuwa zinasukuma mbele, na moja inasukuma nyuma. Itapata joto, itapiga cheche, na siku moja itaungua mikononi mwa mwenyewe, mbali na wewe.

Kwa ajili ya kosa hilo Muzee alikuwa na dira, kioo chake kimepasuka, aliyoachiwa na mpima viwanja mmoja. Unatia umeme kidogo wa batri kwenye bobine moja, unapitisha dira juu yake, sindano inageuka. Unahamia ya pili, ya tatu, mpaka uzunguke yote. Sindano lazima igeukie upande uleule kila mara. Sisi tulisema «inaangalia dirisha». Ile inayoangalia mlango imefungwa kinyume.

Na alikuwa na sheria, ambayo patron hakuiweka na hakuweza kuiondoa: mkono uliofunga haupimi. Ukifunga wewe, anapima mwingine. Aliyepima, akiridhika, anachovya kijiti kwenye verni nyekundu na kuweka tone moja kwenye shafti. Tone ni neno lake. Motere isiyo na tone haitoki mlangoni hata mwenyewe akilia. «Macho ya mwenye kufunga,» alisema, «yanaonaka kile roho yake inataka.»

Sheria hiyo ilimhusu hata yeye. Na aliongeza ahadi: atakayekuta kosa lake, atamletea sahani ya sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, kavu, na pilipili. Miaka ilipita, watu wakapima motere za Muzee mamia kwa mamia, na hakuna aliyeonja hata kichwa cha sambaza.

Sijui niwaambieje uzuri wa mikono ile. Kuna siku ilikuja drili ya fundi wa mbao iliyozama ziwani kule Minova, imekaa majini siku mbili, ndani ina mchanga na konokono mdogo. Sisi tulicheka. Muzee aliiosha kipande kwa kipande, akaikausha pembeni ya babula la makaa siku nzima, akiigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Kisha akakata bobine ya zamani, akanipa nyuzi nizihesabu, moja moja. Nilipochoka na kusema tuweke tu zinazoenea, alivua miwani. «Mwenye kuitengeneza alikuwa na akili kunipita na kukupita. Si tumuulize?» Tukamuuliza kwa kuhesabu nyuzi zake. Drili ile ilifanya kazi mpaka fundi mwenyewe akazeeka. Konokono aliwekwa dirishani, akakaa pale akituangalia kama mkaguzi wa serikali.

Basi. Macho.

Nilianza kuona kwamba Muzee anasukuma waya mbali, urefu wa mkono wote, kabla ya kuuingiza. Kisha akaanza kuniita nimsomee unene wa waya kwenye karatasi ya bobine. «Mwangaza ya leo ni mubaya,» alisema. Nje jua lilikuwa la kukaushia muhogo. Nilisoma, nikanyamaza. Sisi wote tulisoma, tukanyamaza. Patron alikuwa na neno lake moja kuhusu motere ya mteja ikiungua baada ya kutengenezwa: aliyeifunga anarudi kwake, kazi yake imekwisha. Wawili walikuwa wameshakwenda hivyo, na hawakuwa wazee. Na Muzee bila meza ile angekuwa nani? Hata Jumapili, akitoka misa, alipita kwanza atelye kushika kufuli, kuona kama limefungwa vizuri.

Wakati huo alikuja Maman Faida, muuguzi mkuu wa kituo cha afya upande wa Kalehe. Alikuwa amefunga motere ndani ya kitenge kama mtoto. Ilikuwa ya pampu ndogo iliyopandisha maji kutoka chemchemi mpaka kwenye tangi la wodi ya wazazi, ikitumia batri na paneli ya jua. Bobine kumi na mbili, sumaku mbili, kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Imeungua.

«Muzee, nakuachia wamama wangu,» alisema.

«Uwaache,» Muzee akajibu. «Watakunywa.»

Aliifunga siku tatu. Siku ya tatu mchana aliiweka mbele yangu, akaweka dira kando yake, akaenda kunawa mikono kama kawaida yake, ili asikae karibu wakati anapimwa. Nilichukua batri. Nilichukua dira. Na hapa, wenzangu, sitajificha: sikupima.

Sikuwa na haraka. Sikusahau. Niliogopa. Nilijiuliza, na nikikuta? Nitamwambia nini mtu huyu, mimi niliyefundishwa naye hata kushika koleo? Nitasema mbele ya nani? Patron yuko mlangoni. Kwetu mtoto hainui kifuniko cha chungu cha baba yake kuangalia kama nyama imeiva. Nikasema moyoni, hajawahi kukosea. Nikachovya kijiti, nikaweka tone. Lilikuwa tone zuri sana, la mviringo.

Aliporudi aliuliza: «Zote?»

«Zote zinaangalia dirisha, Muzee.»

Maman Faida alirudi baada ya wiki chache. Safari hii kitenge kilikuwa begani na motere mkononi, imeshikwa kama panya aliyekufa. Hakupiga kelele. Mtu asiyepiga kelele ni mbaya zaidi. Alisema kwamba pampu ilikuwa dhaifu toka siku ya kwanza, ilipata joto, kisha ikatoa moshi. Alisema kwamba sasa dada na mama wa wanaojifungua wanashuka chemchemi na bidoni na kupanda mlima nazo, na juzi mwanamke mmoja mwenye uchungu alishuka mwenyewe, kwa sababu hakuwa na mtu.

Patron alisimama katikati ya atelye. «Nani alifunga iyi?»

Muzee aliinuka, akaichukua motere, akaifungua. Akaipeleka dirishani. Akaileta karibu na pua, akaipeleka mbali. Niliona vidole vyake vinapita juu ya kolektere, vinatafuta, na nikajua haoni kitu. Kisha akageuka kwangu.

«Furaha. Wewe unaona. Uniambie.»

Nilikaribia. Shaba ilikuwa nyeusi, lakini miisho ilikuwa bado imeshikwa mahali ilipoungwa. Bobine ya kwanza sawa, ya pili sawa, mpaka ya nane. Ya tisa.

«Muzee,» nikasema. «Miisho ya bobine ya tisa imepishana.»

Fundi wa meza ya nyuma aliyekuwa akipiga nyundo aliacha.

«Mukono iyo ni yangu,» Muzee akasema kwa patron.

«Basi unajua sheria, Muzee. Sina njia. Chukua vitu vyako, urudi kwako, upumuzike.»

Alianza kuvua aproni yake. Vifungo vilimshinda. Nikasikia mdomo wangu unasema kabla sijaamua: «Patron, mukono ni yake, lakini tone ni yangu. Sikupima.»

Muzee aliacha vifungo. Aliniangalia, na sijui aliona nini na macho yale. «Hukupima?»

«Sikupima, Muzee.»

«Juu ya nini?»

«Nilikuheshimu.»

Kama angenipiga kofi ningeshukuru. Alinyoosha kidole, si kwangu, kwa Maman Faida. «Heshima yako imemushusha yule mumama chemchemi na tumbo. Unasikia? Mimi nilikosa na macho. Weye ulikosa na nini?»

Nililia mbele ya watu wote, na sketi ya kazi nikaifanya kitambaa. Mpaka leo nikikumbuka swali lile nasikia joto usoni. Yeye hakuwa na hasira kwa sababu ya meza yake. Hata hakuwa akiifikiria. Na mimi nilikuwa nimemlinda asione aibu, kumbe nimemwondolea kitu pekee alichokuwa amejiwekea ili asianguke.

Patron alisema sasa tunaondoka wote wawili. Muzee akamkatiza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

«Tutaondoka. Lakini iyi motere itaondoka mbele yetu.»

Akakaa. Akafumba macho, kabisa, na kuvua miwani. Nilipomaliza kukata shaba iliyoungua, akanyoosha mkono nimpe waya. Akaanza kufunga. Jamani, nimewahi kuona watu wakifunga bobine, mimi mwenyewe nimefunga nisizoweza kuhesabu, lakini sijaona tena kitu kama kile. Kidole gumba kilitangulia kwenye mfereji, waya ukafuata na kulala kando ya mwenzake, hakuna uliopanda juu ya mwingine. Alihesabu kwa sauti ya chini, kwa Mashi, lugha ya kwao, kama mtu anayesali. Kila alipomaliza bobine moja nilihesabu nyuma yake. Hakukosa mzunguko hata mmoja. Patron alianza kwa kusimama mlangoni, akaishia kusimama nyuma ya kiti.

Miisho niliunga mimi. Yeye alinipa kila mmoja mkononi na kusema, «Mwanzo... mwisho... mwanzo... mwisho,» na mimi nikaweka mahali pake. Siku ile tulianza asubuhi, na jua lilipoelekea kuchwa tulikuwa tumemaliza. Maman Faida hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akatafuna karanga, akatuangalia.

Fundi wa nyuma alikuja kuchukua dira apime. Muzee akamzuia.

«Hapana. Weye ni mutu wa hapa. Umetuhurumia toka asubui.» Akamgeukia muuguzi. «Maman, tafazali. Njo weye utapima.»

«Mimi? Mi najua nini ya motere?»

«Unajua kusoma saa? Ni sindano tu. Unatuambia inaangalia wapi. Na ukiona mubaya, usituonee huruma.»

Nilishika batri, nikagusa bobine ya kwanza. Maman Faida aliinama juu ya dira kwa uso uleule ambao nadhani aliutumia kusoma kipimajoto cha mtoto.

«Dirisha,» akasema.

Ya pili. «Dirisha.»

Ya tatu, ya nne. Tulipofika ya nane nilifuta ncha ya waya kwenye aproni. Nikagusa ya tisa. Sindano ilitetemeka, ikayumba, na yeye akasubiri. Akasubiri mpaka nikataka kumpiga.

«Dirisha,» akasema. «Endelea basi, maji inanisubiri.»

Zote kumi na mbili. Muzee akampa kijiti cha verni, na Maman Faida akaweka tone mwenyewe, kubwa, baya, likachuruzika mpaka nusu ya shafti. Kisha akamwambia patron, bila kumwangalia, akiwa anafunga kitenge: «Siku ingine nikileta motere, nataka hawa wawili. Kama hawako hapa, uniambie wako wapi, nitawafuata kule.»

Patron alikuwa mtu wa biashara. Alikohoa, akasema fagio iko nyuma ya mlango, atelye ni chafu, na Muzee na Furaha wanafikiri ni sikukuu? Ndivyo tulivyojua kwamba hatuondoki.

Toka siku hiyo Muzee hakuunga mwisho hata mmoja. Alifunga, mimi niliunga, wa tatu alipima. Pampu ile ilifanya kazi miaka. Na asubuhi iliyofuata nilikuta mezani pangu sahani imefunikwa kwa jani la mgomba. Sambaza, kavu, na pilipili.

«Ulikuta kosa yangu,» alisema, amenipa mgongo. «Kula.»

Nikasema sistahili, nililiona baada ya motere kuungua. Nikaanza tena kulia.

«Nilisema atakayekuta. Sikusema lini. Kula, zinapoa.»

Alikaa kwenye meza ile mpaka miguu ilipokataa kupanda kilima. Wengi wenu mliokuja baadaye mliona kiti chake tu. Kipete, pini na dira aliniachia mimi, na sheria pia.

Sasa nije kwenye Alhamisi yangu.

Mnamjua Nsimire, nilimfundisha mimi, anakaa meza iliyo karibu na yangu. Nilikuwa nimefunga motere ya mashine ya kushona ya maman mmoja wa mtaa wa Muhumba. Mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni, na motari aliyemleta kwa pikipiki alikuwa nje akipiga honi, kwa sababu nguo za harusi zilikuwa zinasubiri. Niliiweka mbele ya Nsimire, nikaenda kunawa mikono. Nikarudi. Nikakuta bado anapima. Motari akapiga honi.

«Nsimire, mama ya watu anangoja.»

Hakuinua kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Alirudisha batri, akapitisha dira tena, polepole. Kisha akasema, si kwa kunong'ona, si kwa kuniita pembeni, alisema mbele ya mteja na mbele ya patron na mbele yenu:

«Maman, ya saba inaangalia mulango.»

Miaka yote ile. Hakuna aliyewahi kukuta kosa langu. «Pima tena,» nikasema.

«Nimepima mara tatu.»

«Batri iko na nguvu?»

«Iko, Maman.»

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema mwangaza wa leo ni mbaya. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, wenzangu, na jua lilikuwa limejaa dirisha zima, konokono wa Minova anang'aa. Nikaufunga mdomo.

Nikainama kuangalia. Niliangalia karibu, nikaangalia mbali. Ilibidi nipapase kwa kidole. Miisho ya bobine ya saba ilikuwa imepishana.

Nsimire alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, anasubiri nimgombeze. Kijiti cha verni kilikuwa kikavu. Hakukichovya. Nilimkumbatia na mikono yangu imelowa, mpaka motari akaacha honi akachungulia ndani.

Mlifikiri nimeona aibu. Niliona, kidogo, sitadanganya. Lakini aibu si sababu. Muzee Bisimwa alikosea na akaendelea kufanya kazi miaka. Mimi kilichonizuia kuondoka muda wote ule kilikuwa hofu moja: kwamba nitawaachia atelye watu wanaoniheshimu kama mimi nilivyomheshimu yeye. Nilikuwa nawaangalia mkipima motere zangu, na sikujua kama mnaniambia kweli. Siku ile nikajua.

Nsimire akaunga upya ya saba, fundi mwingine akapima, tone likawekwa, mama wa harusi akaondoka. Mimi nilivua aproni, vifungo havikunishinda, nikashuka sokoni. Nikarudi na sahani. Nikaweka mezani kwake sambaza, kavu, na pilipili, na kando yake nikaweka kipete, pini mbili na dira yenye kioo kilichopasuka.

«Kula,» nikamwambia. «Zinapoa.»

Hakulia hata kidogo. Alikula zote mbele yangu, hata kichwa kimoja hakuniachia.